Ndege Aliyeinuliwa Kiotani

Wachuka alikulia Mweiga, mahali ambapo mnyama wa porini akitajwa watu hufikiria hasara. Msitu wa Aberdare uko pale pale juu ya mashamba. Kuna ua wa umeme, lakini ua huo huharibika, na ukiharibika tembo hawakosi kujua. Mtu huamka asubuhi akakuta shamba lake la viazi limekuwa matope matupu, na nyayo kubwa kama karai zimeelekea msituni. Baba yake, mzee Gikonyo, alipoteza mazao ya msimu mzima kwa namna hiyo, tena zaidi ya mara moja. Nyumbani kwao hakuna mtu aliyewahi kusema tembo ni mzuri.

Kwa hiyo Wachuka alipopiga simu kutoka baharini akaeleza kwamba kuna watu wanaovuka dunia nzima ili kutazama wanyama kwa mbali, bila kuwinda na bila kula, mzee alicheka mpaka akashindwa kuendelea, akampa mjukuu simu.

Mjukuu huyo, Shiku, alikuwa mtoto wa pekee wa Wachuka. Baba yake aliondoka kabla mtoto hajaanza kutembea. Nyanya yake, mama yake Wachuka, alikuwa ameshafariki. Wachuka alipopata kazi ya meli, ilibidi Shiku abaki Mweiga na guka yake, yaani babu yake, ambaye hakujua kusuka nywele lakini alijifunza.

Kabla ya meli, Wachuka alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja mjini Nyeri. Alikuwa hodari. Shuka lake halikuwa na mkunjo hata mmoja, na hakuwahi kulalamikiwa na mgeni. Siku moja wakala mmoja kutoka Nairobi alikuja kutafuta watu wa kufanya kazi kwenye meli za watalii, na meneja akamtaja yeye wa kwanza. Miezi michache baadaye alikuwa amevaa sare ya buluu ndani ya meli ndogo, yenye abiria wasiofika mia, iliyozunguka visiwa vya volkano kusini kabisa mwa dunia. Huko hakuna mti. Milima ni myeusi, vilele vina theluji, na mingine inafuka moshi juu ya hiyo theluji.

Wachuka alimwona nyangumi wake wa kwanza akiwa amepiga magoti, anasugua choo cha abiria. Aliinua kichwa, na nje ya dirisha dogo la mviringo mgongo mweusi ukapanda, ukapanda tena, halafu ukazama taratibu. Pumzi yake iliingia kwa mfumo wa hewa, ikanuka kama kabeji iliyooza. Wachuka aliduwaa na brashi mkononi.

Baada ya hapo kila siku ilikuwa na lake. Sili wakubwa kama trekta walilala kwenye mchanga mweusi wakipiga miayo, wakirushiana mchanga kwa mikono mifupi. Pengwini walisimama kwa maelfu kwenye majivu ya mlima, wakipiga kelele kama punda, na kuna kisiwa ambako walikaa karibu na nyufa zinazotoa mvuke kana kwamba wanaota moto. Wachuka aliyaona hayo yote kupitia kioo, kati ya kitanda na kitanda. Abiria walishuka kwa mashua za mpira kila asubuhi. Wafanyakazi wa vyumba walibaki.

"Umegusa pengwini?" Shiku aliuliza kwenye simu.

"Hawaguswi. Na mimi sishuki."

"Kwa nini hushuki?"

"Mimi ni wa kuosha, mami."

Mtoto akasema, "Basi nipigie picha ya yule ndege mkubwa. Mwalimu alisema mabawa yake yanafika kutoka ukuta mmoja wa darasa mpaka karibu na mwingine. Sisi hatukumwamini."

"Nitajaribu."

"Usiseme utajaribu. Sema utapiga."

"Nitapiga," Wachuka akasema.

Ndege huyo ni albatrosi. Meli ilipokuwa njiani aliwaona wakielea nyuma ya meli bila kupiga bawa, lakini kwenye simu yake walitokea kama vidoti vyeupe.

Miongoni mwa vyumba vyake kulikuwa na chumba cha mwanamke mmoja Mholanzi aitwaye Hanneke. Alikuwa mzee, mrefu, mwenye magoti mabovu, na maisha yake yote alikuwa dereva wa basi. Hakuna aliyempenda. Mito ilikuwa migumu, kahawa ilikuwa baridi, kipasha joto kilipiga kelele. Alibishana na Tomas, kiongozi wa safari, mbele ya watu wote. Kwenye kisiwa cha kwanza alikaripiwa kwa kuvuka bendera nyekundu ambazo Tomas alizichomeka ardhini kuonyesha mwisho wa kutembea. Yeye alisema alikuwa akitafuta mahali pa kukalia, magoti yalimuuma. Tomas alimwambia akirudia hatashuka tena.

Wachuka naye hakumpenda. Alikuwa mtu wa kusimama nyuma yako ukitandika, akakuonyesha kona uliyoisahau. Lakini siku moja, akiwa kwenye kiti chake dirishani, alisema bila kuulizwa, "Mimi nimekuja kwa ajili ya albatrosi. Pengwini naweza kuwaona hata kwenye bustani ya wanyama. Nataka kumwona albatrosi kiotani, kwa karibu kiasi cha kuona jicho. Kisiwa cha mwisho wako mamia. Huko ndiko naenda."

"Utawaona, madam," Wachuka akamjibu, akachukua taulo chafu akatoka.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa na bahari tulivu ajabu. Asubuhi abiria walishuka kwenye kisiwa kidogo ambako jozi chache za albatrosi zilikuwa zimejenga kwenye nyasi ndefu juu ya ufuo. Waliporudi kula chakula cha mchana, nahodha alitangaza kwamba wafanyakazi nao wanaweza kwenda nchi kavu kwa zamu. Jambo hilo lilikuwa nadra. Jikoni watu walipiga makofi.

Wachuka alishuka na Wasike, msaidizi wa mpishi, kijana mpole kutoka Bungoma aliyemwita dada. Walivaa buti za meli, zile zile walizovaa abiria, wakazisugua kwa dawa wasipeleke mbegu za kigeni kisiwani. Tomas mwenyewe aliwapa masharti: msivuke bendera, mnyama akikusogelea simama, akibadilisha anachofanya kwa sababu yako basi umeshamkaribia kupita kiasi.

Miguu ya Wachuka ilipogusa ardhi alicheka peke yake. Kwa majuma mengi alikuwa hajakanyaga kitu kisichotikisika. Wasike alibaki ufukweni akipiga picha za sili. Wachuka alipanda juu kwenye nyasi, akafuata bendera mpaka ya mwisho, na kutoka pale akamwona ndege.

Alikuwa amekaa juu ya kiota kama kilima kidogo cha matope na nyasi. Alikuwa mweupe, mkubwa kuliko bata mzinga yeyote, na alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake hospitalini. Wachuka alitoa simu. Kwenye kioo nyasi zilimfunika ndege nusu. Alitazama nyuma. Hakuna aliyemwona, mteremko ulimficha. Akavuka bendera, hatua chache tu. Akapiga. Sasa ndege alionekana wote, lakini alionekana kama kuku aliyelala. Hakuna mtoto wa Mweiga ambaye angeamini habari ya mabawa kwa picha ile.

Akasogea tena. Ndege akagongesha mdomo wake, kwa-kwa-kwa, kama vijiti viwili. Lilikuwa onyo, na Wachuka alilielewa. Baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakuelewa.

"Simama kidogo tu," alimwambia kwa Kikuyu, kwa sauti ya kubembeleza. "Kidogo tu, Shiku akuone."

Kisha akavua koti lake la mvua, akawasha video kwa mkono mmoja, akalipunga koti kwa mwingine.

Ndege aliinuka. Alisimama juu ya kiota, akafungua bawa moja, akafungua la pili, na yakaendelea kufunguka hata Wachuka akarudi nyuma ndipo yaingie yote kwenye picha. Lilikuwa jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuona maishani. Alisikia machozi yakimjia. Ndege akashuka kiotani hatua mbili, akimwelekea, bado amefungua mabawa. Wachuka akazima video akasema asante.

Hapo ndipo yule mwingine alipokuja. Ni ndege wa kahawia, mnene, wa ukubwa wa kunguru wawili, ambaye huko visiwani hushinda akizunguka viotani kutafuta kilichoachwa wazi. Alipita chini karibu na nyasi, akatua juu ya kiota nyuma ya mgongo wa albatrosi, na kabla Wachuka hajapata hata sauti ya kumfukuza, yai kubwa jeupe alilokuwa akiliatamia lilikuwa limetobolewa. Wachuka alipiga kelele, akarusha koti. Yule wa kahawia aliruka akiwa na ute wa manjano mdomoni.

Albatrosi alikunja mabawa, moja kisha lingine. Akapanda tena kiotani. Aliangalia chini, akasukuma kwa mdomo vipande vya ganda, kisha akajishusha polepole, akitikisa kifua huku na huku kama ndege anayejipanga vizuri juu ya yai lake. Akatulia. Akaendelea kuatamia mahali pasipo na kitu.

Wachuka alirudi ufukweni. Wasike alimwonyesha picha za sili, naye akasema ni nzuri.

Jioni ile, wakati wa chakula, Wachuka alikuwa akisaidia kubeba sahani ukumbini. Tomas alisimama mbele ya abiria. Alikuwa amerudi kung'oa bendera zake, akakuta kiota kimoja kimeharibiwa. Kilikuwa na kigingi cha wanasayansi waliokuwa wakifuatilia jozi ile kwa miaka mingi.

"Ndege hawa hutaga yai moja," alisema, "na wakilipoteza hawatagi lingine msimu huo. Kuna alama za buti kupita bendera. Buti zetu. Nataka aliyefanya hivyo aniambie."

Kisha abiria mmoja, mtu mwenye kamera kubwa, alisema kwa sauti ya huzuni kwamba hapendi kumtaja mtu, lakini asubuhi alimwona Hanneke amesimama pale kwenye bendera ya mwisho kwa muda mrefu, peke yake, baada ya wengine kuondoka.

"Nilisimama kwenye bendera," Hanneke akasema. "Sikuvuka."

"Mara ya kwanza ulivuka," Tomas akasema.

"Mara ya kwanza nilivuka na nikakubali. Leo sikuvuka."

Mwingine akauliza, je, si wafanyakazi pia walishuka mchana? Tomas alitikisa kichwa. "Wafanyakazi wangu wanajua masharti. Nawaamini."

Wachuka alikuwa amesimama nyuma yake na sahani sita za supu iliyobaki. Angeweza kusema wakati ule. Mdomo wake ulikuwa umefunguka kidogo, alilikumbuka hilo. Lakini aliona sare yake, akaona mkataba wake, akaona Shiku akiwa na viatu vipya vya shule, na Tomas ameshasema anawaamini. Akapeleka sahani jikoni.

Hanneke alikatazwa kushuka kwa safari yote iliyobaki.

Kwenye makaro ya jikoni Wasike alimsogelea. "Dada, suruali yako ilikuwa na matope mpaka magoti. Kule ufukweni hakuna matope."

Wachuka akaendelea kusuuza sahani.

"Sisemi kitu," Wasike akasema kwa haraka. "Nakwambia ndio ujue nimeona. Lakini wewe nyamaza. Huyo mama atarudi kwake, ako na pensheni, ako na nyumba. Wewe ukifukuzwa utarudi wapi?"

Alisema kwa huruma, na Wachuka alishukuru, na kushukuru kule kulimfanya ajichukie.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Kabla ya hapo alisafisha chumba cha Hanneke kikiwa kitupu, kwa kuwa mwenyewe alikuwa nchi kavu. Sasa kila asubuhi alimkuta humo, kwenye kiti cha dirishani, amevaa koti lake la nje kana kwamba anasubiri kuitwa. Hakulalamika tena. Hakuonyesha kona yoyote iliyosahauliwa. Wachuka angetoa chochote asikie habari za mito migumu.

Walipofika kisiwa cha mwisho, kile cha albatrosi mamia, mawingu yaliinuka na kuonyesha mlima mzima mpaka kileleni. Wachuka alipoingia chumbani Hanneke alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Juu ya mteremko kulikuwa na nukta nyeupe, nyingi, kama pamba iliyodondoka.

"Wewe unaniamini?" Hanneke akauliza bila kugeuka.

"Ndiyo, madam."

"Kila mtu mwenye adabu hunijibu hivyo."

"Mimi nakuamini kabisa," Wachuka akasema, na sauti yake ikakatika. Hanneke aligeuka akamtazama kwa makini, halafu uso wake mkavu ukalegea.

"Usilie kwa ajili yangu, mtoto," akasema. "Keti. Kunywa chai yangu, mimi siitaki."

Wachuka aliketi. Alikunywa chai ya yule mama, kwenye kikombe chake, huku abiria wengine wakionekana kwa mbali wakipanda mlimani wakiwa na makoti mekundu. Kila alipomeza alijiambia sasa nitasema, nikimaliza kikombe nitasema. Alimaliza kikombe. Akakiosha.

Siku ya kushuka bandarini, Hanneke alimwomba simu. "Niandike namba yangu mwenyewe, nyinyi mnakosea majina yetu. Siku moja ukimpata albatrosi kwenye picha nzuri, nitumie." Wachuka alimpa simu akiwa amekufa ganzi, maana video ilikuwa mle ndani, mguso mmoja tu kutoka kwa kidole cha yule mama. Hanneke aliandika jina na namba yake polepole, akamrudishia. Kisha akashika vishikio vya ngazi, akashuka kwa upande, goti moja moja.

Video yenyewe ilikuwa imeshafika Mweiga. Wachuka aliituma jioni ile ile ya kiota, akiwa amejifungia chooni, kwa sababu Shiku alikuwa amesubiri, na kwa sababu alitaka angalau kitu kimoja cha siku ile kiwe kizuri. Ilikwisha pale ndege alipoanza kushuka. Shiku alimwonyesha mwalimu. Mwalimu aliituma kwa kikundi cha wazazi, wazazi wakaituma kwa makanisa, na Wachuka aliporudi nyumbani mkataba ulipoisha, watu wa Mweiga walimsimamisha njiani.

"Si ni wewe wa ndege? Haki ya Mungu, ile kitu ni kubwa! Ilikuwa inakusalimia?"

Shuleni walimwita aongee na watoto. Alisema ana mafua.

Lakini aliyemuumiza zaidi alikuwa mzee Gikonyo. Alikuwa ameitazama video hiyo mara nyingi mno, na sasa aliketi karibu na bintiye jikoni, akaomba iwekwe tena. Alikuwa akimwita Wachuka "maitu", mama yangu, kwa sababu alibeba jina la mama yake.

"Maitu, mimi nimeishi na wanyama miaka yote na sijawahi kumwangalia hata mmoja," alisema. "Nilikuwa naangalia viazi tu. Juzi ndovu alitoka pale juu, na kabla nipige debe nikasimama kidogo, nikamwangalia. Ni huyu ndege alinifundisha hiyo. Angalia vile anafungua! Ati kama mtu anafungua milango ya kanisa."

Shiku alicheka, akafungua mikono yake, akazunguka jikoni. Wachuka alitoka nje kuangalia ng'ombe ambaye alikuwa hana shida yoyote.

Aliendelea hivyo majuma kadhaa. Hakupata usingizi mzuri. Kila alipofumba macho hakumwona yule ndege wa kahawia, alimwona albatrosi akitikisa kifua, akijipanga. Wakala alipiga simu: meli inamtaka tena, Tomas mwenyewe amemsifu. Alisema atajibu.

Siku moja walikuwa wakivuna viazi, yeye na baba yake, Shiku akiwa shuleni. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo. Wachuka aliacha jembe akasema, "Baba, ile video. Kuna kitu ilifuata."

Alimwambia yote, amesimama kwenye mtaro, mikono ina udongo. Alimwambia kuhusu koti, yai, Hanneke, chai. Mzee alisikiliza akiendelea kuokota viazi mwanzoni, kisha akaacha. Alikuwa na kiazi mkononi. Alikisugua kwa kidole gumba mpaka kikawa kisafi kabisa.

"Huyo mama anajua?" aliuliza hatimaye.

"Hajui."

"Mpaka saa hii anafikiria hakuna mtu anamwamini?"

"Ndiyo."

"Sasa unaniambia mimi ya nini?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Akatupa kiazi kwenye gunia, akaendelea na mtaro wake, na Wachuka alibaki amesimama, amenyimwa ile nafuu aliyokuwa ameijia.

Mchana ule alipanda mpaka mahali mtandao unaposhika vizuri, nyuma ya kituo cha maziwa. Alianza na Tomas, kwa sababu kwake ndiko kulikokuwa rahisi. Alimwandikia kwa Kiingereza chake kifupi, akamtumia video. Jibu lilikuja kabla hajashuka kilima: anamshukuru kwa kusema, atamwandikia abiria na kumwomba radhi kwa niaba ya meli, na Wachuka aelewe kwamba hataajiriwa tena, wala na wao wala na meli nyingine wanazoshirikiana nazo. Mwishoni Tomas aliongeza sentensi moja: "Nilisema mbele ya watu kwamba nawaamini."

Wachuka aliisoma hiyo sentensi, akaketi kwenye jiwe.

Kisha akampigia simu Hanneke. Sauti ile ile kavu ikapokea. Wachuka akasema, "Madam, ni Wachuka wa meli. Yai ni mimi. Nilivuka bendera nikampungia koti nipate video ya mtoto wangu. Nikanyamaza wakakulaumu wewe. Nilikunywa chai yako nikijua."

Upande wa pili gari lilisikika likipita.

"Nilijua kulikuwa na mtu," Hanneke akasema. "Nilifikiri ni yule wa kamera kubwa. Nimemchukia sana yule mtu. Nimemwandikia maneno mabaya."

"Nisamehe, madam."

"Sijui." Akapumua. "Wewe ulikuwa mtu wa pekee niliyefikiri ananiamini. Na kumbe ulijua. Kujua si kuamini, unaelewa? Nimezeeka. Daktari ameshaniambia magoti haya hayatapanda tena mashua. Ile ilikuwa safari yangu. Sina nyingine."

"Naelewa."

"Sidhani. Kwaheri."

Akakata.

Wachuka alirudi mjini Nyeri baada ya mavuno. Ile hoteli ya zamani ilikuwa imejaza nafasi, akapata kazi katika nyumba ndogo ya wageni upande wa juu wa mji, ambako hufua shuka, hutandika, na siku za wikendi hupika kiamshakinywa. Shiku alimfuata, akahamia shule ya mjini. Kabla ya kuhama Wachuka alimweleza mtoto ukweli, kwa maneno machache, wakianika nguo.

Shiku aliuliza, "Kwa hivyo ni kwa sababu yangu?"

"Hapana. Wewe uliomba picha. Koti ni mimi nilivua."

Mtoto alifikiri, akashika kibanio cha nguo bila kukiweka. "Sitawaonyesha watu tena," akasema. Na kwa siku kadhaa hakumwongelesha mama yake vizuri, akajibu "sawa" tu kwa kila kitu. Wachuka alimwacha. Aliona hilo ni haki yake.

Video haikukoma. Wachuka aliifuta kwenye simu yake, lakini ilikuwa imeshatoka mikononi mwake. Sokoni muuza ndizi kutoka Mukurweini, asiyemjua hata kidogo, alimwonyesha siku moja, na mtu alikuwa ameongeza wimbo wa kanisa juu yake. "Ona kazi ya Mungu," yule mama akamwambia. Wachuka aliitazama mpaka mwisho. Alijifunza kwamba hawezi kumweleza kila mtu, na kwamba kutoweza huko hakumpunguzii kitu.

Miezi ilipita. Kisha asubuhi moja, akiwa na beseni la shuka mbichi, simu ililia kuashiria ujumbe. Ulikuwa wa Hanneke. Haukuwa na salamu.

"Tomas alinitumia video yako. Inakwisha mapema. Nataka kujua yote, ulichokiona wewe, kwa karibu. Sikupata kuona. Niambie alivyokuwa. Usinifiche sehemu mbaya."

Wachuka aliweka beseni chini, akaketi kwenye ngazi za nyuma, mahali pa kuanikia nguo. Kuandika kungekuwa kugumu, kwa hiyo akabonyeza kitufe cha sauti akaanza kusema. Alimweleza kiota kilivyojengwa. Alimweleza manyoya ya shingoni, ambayo si meupe kabisa, yana mistari myembamba kama iliyochorwa kwa penseli. Alimweleza jicho, jeusi, lenye upole ambao hakuustahili. Alimweleza mlio wa mdomo, akajaribu kuuiga. Alimweleza jinsi mabawa yalivyofunguka sehemu kwa sehemu, na upepo ulivyoyashika, na jinsi kivuli chake kilivyofika kwenye buti zake. Hakuficha koti. Hakuficha ndege wa kahawia. Alimweleza albatrosi alivyopanda tena kiotani, alivyosukuma maganda, alivyojipanga, alivyotulia. Akamaliza, akatuma.

Hakuna jibu lililokuja siku ile, wala siku iliyofuata. Wachuka alifua, akatandika, akamsaidia Shiku hesabu zake. Alikuwa amekubali kwamba pengine yamekwishia hapo.

Juma lile lilipokuwa linaisha, akipiga pasi foronya, ujumbe mfupi ukaingia.

"Mdomo wake. Hukusema ulikuwa wa rangi gani."

Wachuka alizima pasi, akaiweka wima. Alifikiri sana kabla ya kujibu, asije akakosea.

"Wa rangi ya waridi," akaandika. "Iliyopauka. Kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Kwenye ncha umepinda, na hapo ni mweupe zaidi."